Étuve ya Mulekera

Siku niliyoingia kazini tulikuwa watano uani pa Centre, kule Butembo. Alikuwapo Directeur, mtu mrefu ambaye sikuwahi kumsikia akiitwa kwa jina. Alikuwapo Chef Kasereka, mwalimu wa zamani na mkuu wa atelier, yaani karakana, na papa Kambale, ajusteur, yaani fundi wa kuchonga na kuunganisha vyuma. Mbusa, sentinelle, alikuwa ameegemea geti. Wa tano ni mimi, Masika, katika viatu vya marehemu mama. Jina hilo kwetu hupewa binti wa kwanza. Baba na mama walikuwa wameshatutoka, nikaacha shule mwaka wa pili wa secondaire, na nyumbani wadogo zangu watatu walikuwa wakinisubiri nirudi na jibu. Directeur alinichukua kwa majaribio.

Centre ilikuwa ya utafiti, lakini utafiti wa kutumika. Kitu kisichomsaidia muoka mikate wala mkausha kahawa, Directeur hakukiita kazi. Tulitengeneza vyombo vidogo vya kuhisi joto na unyevu, ili mashine ijiongoze bila mtu kuikalia macho. Vita ilikuwa imefunga njia nyingi, kwa hiyo vipande tulivitoa ndani ya redio zilizokufa. Umeme nao ulikuwa wa bahati, tukapasha chuma cha kuchomelea juu ya makaa.

Asubuhi ile Chef alinipa kibanio na thermistance. Ni kipande kidogo kuliko punje ya mtama, na kadiri kinavyopata joto ndivyo kinavyopitisha umeme zaidi.

“Hii ni jicho ya mashini,” akaniambia. “Ukiikamata na mukono ya kulima, inapofuka.”

Kuchomelea kwangu kwa kwanza alikutazama, akamwita papa Kambale aje kuona mavi ya mbuzi. Papa Kambale alisema mbuzi wake hufanya vizuri zaidi. Nilianza upya, na jioni Chef alipita mezani kwangu bila kusema neno. Nikajua nimefaulu.

Kazi kubwa ya mwaka ule ilikuwa étuve, tanuri la kukaushia utomvu wa papai bichi. Utomvu huo ukikauka vizuri huwa papaïne, dawa ya kulainishia nyama, na wafanyabiashara huivusha mpaka. Joto likizidi, nguvu yake hufa. Likipungua, hubaki na maji ndani na kuoza. Kisanduku chetu kilifanya hivi: thermistance inahisi joto, relais, ambayo ni swichi inayosukumwa na umeme badala ya kidole, inafungua kifuniko cha hewa, na tanuri linapoa lenyewe. Kabla ya kukitoa tulifanya étalonnage, yaani kukifundisha kipimo namba zake. Tulikitia kwenye barafu ya muuza samaki, tukaandika sifuri. Tukakitia kwenye maji yanayochemka jikoni pa Centre, tukaandika mia. Ndivyo vitabu vilivyosema.

Kisanduku cha kwanza kilikwenda Beni, kwa Mama Kavugho wa Mulekera, mjane aliyekusanya utomvu wa majirani zake wote. Haukupita muda ukafika ujumbe: papaïne inatoka laini katikati, inanuka, mnunuzi ameikataa.

Directeur alituita bureau. Akauliza nani aliyechomelea. Chef akasema ni mimi, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

“Donc, muende Beni, muangalie,” Directeur akasema. “Kama ni soudure ndiyo mubaya, Masika atabaki kwao, kazi yake imeisha.”

Tuliondoka mimi na Chef juu ya lori la maharagi. Kwenye kila kizuizi askari walifungua sanduku letu la vifaa, wakaona nyaya, wakasema ni phonie, redio ya mawasiliano ya adui. Kila mara Chef aliwaeleza habari za papai kwa utulivu, mpaka wakachoka. Mimi niliwaza karo za wadogo zangu.

Mulekera nilifungua kisanduku mbele ya Mama Kavugho. Chef alivuta kila waya kwa kibanio. Hakuna uliolegea. Akaomba sufuria ya maji, ikabandikwa, tukatumbukiza kipimo. Maji yalipochemka mshale wa kisanduku ulipanda hadi mia, ukaipita, ukasimama juu yake.

Chef aliusogelea kuusoma. Kisha akakaa chini, kwenye udongo, akaanza kucheka hadi machozi.

“Masika, soudure yako haina kitu. Ni maji ya Butembo. Kule juu mulimani hewa ni nyepesi, maji inachemka kabla haiyafika mia. Siye tukaandika mia. Na hiyo leçon nilifundisha batoto miaka yote, na chaki.”

Basi kila namba yetu ilikuwa imezidi, na tanuri lilipoa kabla ya wakati.

Mama Kavugho alimwangalia pale chini. “Bakwe zangu ba Butembo banapika maharagi, haiive, mpaka mugeni anarudia kwake,” akasema. “Mungeniuliza miye.”

Tulirekebisha namba kwa kuhesabu kimo cha mahali, na utomvu uliofuata ukatoka mkavu, mweupe. Tuliporudi, Chef alimweleza Directeur, papa Kambale akisikia, kwamba kosa ni lake peke yake. Directeur alifungua daftari, akaniambia niandike jina langu kati ya wafanyakazi. Nilikaa Centre mpaka nywele zikageuka nyeupe, na wadogo zangu wote watatu walimaliza shule.

Ule utomvu ulioharibika tulitaka kuulipa. Mama Kavugho alikataa franga. Alitaka kisanduku cha pili, kwa tanuri la kaka yake wa Eringeti. Chef aliahidi, nami nikaahidi pamoja naye. Lakini njia ya Eringeti ilifungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena, watu wa kule, kaka huyo akiwamo, wakakimbia, na Chef akafariki.

Sasa nimestaafu, ninaishi Beni, na nimeridhika na kazi yangu. Kisanduku nilikimaliza zamani, namba zake zimepimwa kwa maji na kimo cha huku. Kila nikikutana na Mama Kavugho mlangoni pa kanisa ananishika mkono, mzee kabisa sasa, na kuniuliza kama kimefika Eringeti.

“Bado, mama,” namjibu. “Kaka yako amerudi?”

“Bado,” anasema, na hauachii mkono wangu. “Lakini deni ni deni.”