Mwosha Mazulia na Sitara ya Nyumba

Ijumaa iliyopita nilikuwa sokoni Marikiti nikichagua ndimu, muuza viungo aliponiuliza kama nimesikia kuwa mwosha mazulia wa mtaa wa Bondeni ametutoka. Moyo ulimsimama alfajiri, akasema, na watamzika baada ya sala ya alasiri. Nililipa ndimu nikasahau kuzichukua, ikabidi aniite nirudi. Sikuwa swahibu yake. Tulijuana kwa salamu na kwa mazulia tu. Lakini kuna siku moja niliyomwona akiwa kwenye dhiki, na tangu Ijumaa siku hiyo haijaniondoka, kwa hiyo leo naomba wasomaji wangu mniwie radhi niiache siasa ya mji nimzungumzie yeye.

Alianza kazi hiyo alipofiwa na mumewe, kwa brashi, karai na ua wa nyumba ya kupanga. Maji alinunua kwa wenye mikokoteni, kwani ya kisima yana chumvi na humwachia mtu zulia lina mabaka meupe. Fedha za kutangaza biashara hakuwa nazo, wala za bango, wala za redio. Tangazo lake la kwanza lilikuwa harusini. Mtoto alimwaga sharubati ya bungo juu ya zulia la mwenye shughuli, wanawake wakabaki kushika vichwa. Yeye akainuka, akaomba maji ya moto na kitambaa cheupe, akapiga magoti na nguo zake za harusi, akawa anafyonza doa polepole, hasugui, huku amezungukwa na watu walioacha kumtazama bibi harusi. Doa lilipotoka alirudi kukaa. Wiki ile ile mazulia yakaanza kuletwa Bondeni.

Baadaye akajifunza simu. Aliona kwamba watu hupenda kutazama uchafu ukitoka, basi akawa anarekodi maji meusi yakichuruzika kutoka kwenye zulia, kisha zulia lenyewe likiwa linameta, anaweka kwenye WhatsApp. Hakulipa chochote, na wateja waliongezeka hadi akaajiri wanawake wengine wawili. Kila mtu alimsifu kwa kuamka. Mimi pia nilimsifu.

Kisha akaja kurekodi zulia la halati yangu, dada yake mamangu, anayekaa mtaa wa Kuze. Hakutaja jina la mtu. Lakini zulia lile lina alama pembeni, pale kaa la moto lilipoanguka kutoka kwenye chetezo cha ubani miaka mingi nyuma, na hakuna mwanamke wa Kuze aliyewahi kuketi chumbani kwa halati asiyeijua. Siku zile binti yake alikuwa ameposwa, na wanawake wa upande wa mume walikuwa waje kuiona nyumba. Video ikapita kutoka simu hii hadi ile, na maneno yakifuata: tazameni maji yanayotoka kwa watu wanaojiita watu. Kufika Alhamisi, mama yake bwana harusi akaleta ujumbe kwamba hawataweza kuja, watakuja siku nyingine inshallah. Siku yenyewe hakuitaja.

Nilikuwa kwa halati mwosha mazulia alipobisha hodi. Alivua viatu mlangoni, akasalimu, akasimama. Hakuna aliyemkaribisha kuketi. Binti alikuwa chumba cha pili na tulimsikia akilia.

"Umekuja kuchukua jengine upige picha?" halati akamuuliza.

"La, mamangu. Nimekuja kukuomba radhi."

"Radhi waniomba mimi humu ndani, milango imefungwa. Kunivua nguo umenivua njiani."

"Basi nitasema njiani vilevile. Nitawaambia watu kosa ni langu."

"Uwaambie nini? Useme zulia lilikuwa la nani? Aliyekuwa hajui naye ajue?"

Naona hapo ndipo mwanamke yule alipoutambua ukubwa wa jambo. Akinyamaza, halati anabaki na aibu. Akisema, anaiongeza. Jasho lilikuwa linamtoka chini ya mtandio, akawa analifuta kwa mikono iliyochubuka kwa sabuni. Mwisho akasema, "Nipe hadi kesho, mamangu," akatoka. Halati akaniambia, "Huyo harudi."

Kesho yake baada ya adhuhuri simu zikaanza kulia tena. Safari hii alikuwa ameketi uani kwake, zulia dogo la buluu limetandikwa mbele yake. "Mimi ndiye mwosha mazulia wa Bondeni," alisema. "Hili ni langu, la chumbani kwangu, nalipiga brashi kila siku. Tazameni maji yake." Akamimina, akabana, yakatoka maji meusi kama masimbi yanayobaki chini ya kikombe cha kahawa. "Zulia lisilotoa maji haya ni la nyumba isiyoingia mgeni. Na zile picha za mazulia ya watu nilizoziweka, nilikosea. Mtu akinipa zulia lake amenipa na sitara yake. Hamtaziona tena."

Wengine walimcheka. Mwosha mazulia ambaye zulia lake limekithiri uchafu, walisema, na wateja kadhaa wakamhama. Kwa muda uani kwake kulikuwa kukavu. Sisi Kuze tulisubiri, halati hali wala halali vizuri, hadi mama yake bwana harusi alipokuja mwenyewe bila taarifa, akanywa kahawa, akakanyaga ile alama ya kaa kana kwamba haioni. Alipoinuka kuondoka akamuuliza halati kwa sauti ya chini, "Yule mama wa Bondeni, nyumba yake ni ipi? Nami nina mazulia." Harusi ilifungwa. Halati hakusemezana na mwosha mazulia hadi Ramadhani iliyofuata, ndipo akampelekea zulia lile lile, na juu yake sahani ya kaimati.

Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Fundi aliyeingia ndani kwako, mshonaji aliyekupima, daktari, dobi, wote hawa waliishi kwa kujua na kutosema, na mji huu wenye nyumba zilizobanana uliweza kukalika kwa sababu yao. Leo tunawaambia wafanyabiashara wadogo kwamba asiyejionyesha atakufa njaa, nao wanaonyesha walichonacho, na mara nyingi walichonacho ni sisi. Siwalaumu. Kodi ya nyumba haisubiri adabu. Lakini yule mama, aliyehitaji wateja kuliko wengi wetu, alipolazimika kuchagua nani atazamwe na mji mzima akiwa mchafu, alijichagua mwenyewe, bila kujua kama kesho atapata wa kumpa zulia. Tangazo ni kuomba watu wakuamini. Anayetaka kuaminiwa na aanze kwa kufunika alichokabidhiwa, hata kama kukifunua kungemjazia ua wake wateja. Mungu amsitiri yeye, kama alivyojifunza kutusitiri.