Mama Alivaa Kanga Gani

Harufu ya mvuje naijua kwa mambo mawili. Kwetu Mingoyo mtoto alifungwa mvuje shingoni ili mashetani yamkimbie. Kwa Mama Hansa, Mbaniani mwenye duka, mvuje ulitiwa kwenye dengu ukaliwa. Watoto tulimcheka, tukisema yule mama anakula hirizi. Mimi nimesoma madarasa manne tu, lakini haya nayaandika kwa mkono wangu mwenyewe, herufi zikipinda zipinde.

Mama yangu alikufa kwa uzazi, yeye na kichanga chake, msimu wa korosho, nami nina miaka kama tisa. Bibi akanichukua. Alinilisha, alinivisha, lakini jina la mama hakulitaka nyumbani mwake. Nikilitaja tu, ananituma maji. Watu wote wako mashambani wanaokota korosho, kijiji kimya, nikawa sina wa kuongea naye ila kuku. Siku moja nilitumwa mafuta ya taa, nikasimama mbele ya Mama Hansa na chupa mkononi, machozi yananitoka, nimesahau nilichotumwa. Hakuniambia ninyamaze. Alitoka nyuma ya meza, akakaa sakafuni na sari yake nzuri vile vile, akaniambia kwa Kiswahili chake cha dukani: “Mama hakufa, mwanangu. Mwili nguo tu. Ikichakaa, mwenyewe anavua, anavaa nyingine mpya.” Ndivyo wanavyoamini wao, kwamba roho haifi, inatoka mwili huu inaingia mwingine.

Mimi nilielewa kanga. Mtoto wa kwetu ukimtajia nguo mpya, anajua ni doti la Idi. Nikaingoja Idi kama mtu anayengoja mgeni. Ilipofika, wanawake wakatoka na kanga mpya, bado ngumu, wamejifunika vichwa, nami nikawapitia mmoja mmoja nikiwachungulia nyuso. Wengine walidhani naomba chakula. Bi Somoe, shoga yake mama, ndiye aliyenishika sikio. “We mtoto, unanichungulia nimekuibia kuku?” Nikamwambia namtafuta mama, amevaa mpya. Akaniachia sikio. Hakucheka. Alivuta kanga akajifunika uso wote, akaenda zake, na hapo ndipo nilipojua kwamba mama hayumo.

Kesho yake niliingia dukani nimefura, hata shikamoo sikutoa. “Mwongo wewe,” nikamwambia. “Nimewatazama wote.” Bibi angesikia, ningechapwa mpaka nisahau jina langu. Mama Hansa akaacha kupima sukari. Akanieleza kwamba alikuwa na binti, akafa kwa homa akiwa mdogo kuliko mimi, wakamchoma kwa desturi yao, hata kaburi la kwenda kulitazama hana. Kisha akasema, “Na mimi sijui sasa amevaa nini. Ndiyo maana kila mtoto akiingia hapa, namtazama sana.” Tukakaa chini wote wawili, kimya, mpaka alipokuja mteja. Msimu ule mzima nilikwenda kila alasiri, na Bibi alijua, ila alijifanya hajui.

Mimi ni Mwislamu, sala tano sikosi, na najua mama yuko kwa Mola wake anangoja kiyama. Hayo ya kubadili miili si dini yangu. Lakini katika wote walionihani kwa mama, ni Mama Hansa peke yake aliyekiri kwamba na yeye anatafuta. Yeye na jamaa zake walihama zamani, na pale dukani sasa wanauza vocha za simu. Mume wangu alipofariki mwaka juzi, watu walikuja, wakala wali, wakatawanyika siku ya tatu, na pole zilizobaki zikaingia kwenye simu. Mjukuu wangu, muuguzi, msichana wa kujivunia, akanisomea zote, moja baada ya nyingine. Nikamwambia ahsante mama, sasa izime, ukae hapa. Akanijibu kwa upole, “Bibi, zamu yangu inaanza saa nane.” Akaenda, na ni haki yake, wagonjwa wanamsubiri. Nami nikakaa, mgongo ukutani, nikangoja aingie mtu asiye na la kuniambia.