Mama Alimtambua Kaka Kwenye Picha Iliyosimama Kichwa Chini

Mama yangu alimtambua kaka yangu kwenye picha iliyowekwa kichwa chini miguu juu.

Na kaka hayumo kwenye hiyo picha. Ni familia ya matajiri wa zamani, waliokufa kabla babu wa babu yangu hajazaliwa: baba, mama, watoto watatu, na mbwa aliyekaa kwa heshima kuliko hao watoto.

Anayetaka kusema nimetunga, aseme. Ila asome kwanza mpaka mwisho.

Mimi ni fundi wa mabango. "Kinyozi", "Usikojoe Hapa", hizo ndizo kazi zangu.

Mwaka jana mama akaniambia, "Mwanangu, nichore wewe na kaka yako kwenye picha moja. Niwe nawaona ukutani."

Hapo alinibana. Mimi na kaka ilikuwa miaka sita hatusemezani. Siku ya harusi yangu, mbele ya wakwe zangu, alitangaza kwamba nilikojoa kitandani mpaka darasa la tano.

Ilikuwa la nne.

Nikamkwepa mama kisomi. "Mama, sura za watu zinataka rangi za mafuta, si mchezo. Ngoja nikajifunze kwanza."

Nikajiunga na mwalimu mmoja mkali, anayefundisha kwenye chumba nyuma ya karakana ya seremala. Kwake huchori mtu yeyote mpaka unakili picha ya zamani, tena ikiwa imepinduliwa.

"Ukijua hili ni jicho, utachora jicho la kichwani mwako," alisema. "Wewe fuata vivuli tu. Na marufuku kuigeuza mpaka niseme."

Miezi minne nikafuata vivuli. Tabaka moja, subiri likauke, tabaka lingine. Mama akiuliza habari za picha yake, namjibu, "Rangi bado haijakauka." Raha mustarehe.

Siku moja akatokea bila taarifa. Akasimama mbele ya ile picha, kisha akanyoosha kidole katikati.

"Umemchora kaka yako."

Nikaweka brashi chini. Alipoondoka, nikavunja sheria ya mwalimu, nikaigeuza.

Lo! Lile paji la uso la yule baba wa katikati! Kile kidevu cha mtu anayejua kila kitu! Nikasema kweli, jicho la mama si la kuchezea.

Nikampigia kaka simu.

"Njoo uone."

"Nione nini?"

"Njoo tu, bwana."

Kesho yake akaja, amemshika mama mkono. Akaitazama picha, akaangua kicheko.

"Huyu ni wewe! Ona alivyonuna."

"Ni wewe!"

"Wewe!"

Tukabishana mpaka tukajikuta tunacheka wote. Mwalimu akasema yule baba hafanani na yeyote kati yetu, na pua nimeiharibu. Hakuna aliyemsikiliza.

Ndipo mama akasalimia kwa adabu zote, "Hujambo, mwalimu?"

Alikuwa anasalimia koti lililotundikwa mlangoni.

Kicheko kikakatika.

"Mama," kaka akauliza, "tangu lini?"

"Tangu nilipoomba picha."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Miezi yote hiyo mama anapoteza macho, na mimi namwambia rangi haijakauka.

Ilikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Tulimpeleka hospitali, kaka kulia, mimi kushoto. Daktari akasema tumewahi, lakini kwa kidogo tu.

Baada ya upasuaji, bandeji zilipotolewa, nikamletea picha. Akaitazama weee.

"Huyu mzee ni nani?"

"Si ulisema ni kaka!"

"Mwanangu, nilikuwa sioni hata pua yako."

"Sasa ulijuaje?"

"Sikujua. Nilimtaja tu, nikakusikiliza. Ungekuwa umemsahau, ungecheka. Hukucheka."

Sasa tunakaa kwa mama kila Jumapili, namchora kaka akiwa wima. Hatulii kitini hata dakika moja.

Funzo langu ni dogo: kama umenuniana na ndugu yako, usimwambie mama yako asubiri rangi ikauke.

Na kwa watakaouliza, ni darasa la nne. Si la tano.