Mluzi wa Maji

Harufu ndiyo hutangulia. Vumbi lililovurugwa na kwato, samadi mbichi, jasho la ng'ombe waliotembea tangu alfajiri. Kisha ndipo unapousikia mluzi wenyewe, mrefu, unaoanzia juu na kuteremka taratibu mpaka unakwisha. Huo ni mluzi wa maji. Wachungaji wa Kiorma hapa Idsowe huwapigia ng'ombe wanapoukaribia mto, na mimi, mwalimu mzima mwenye kipara kinachoanza kujitangaza, nikiusikia hugeuza uso na kujifanya natafuta chaki mfukoni. Wanafunzi wangu wamezoea. Wanadhani mwalimu wao anaogopa ng'ombe.

Ng'ombe siwaogopi. Ninachokiogopa nitawaambia leo, maana nimechoka kukibeba peke yangu.

Nilikuwa darasa la nane. Katika timu ya shule yetu nilicheza kiungo, na rafiki yangu Bonaya alicheza winga ya kulia. Bonaya alikuwa mtoto wa mfugaji, ana miguu mirefu na mbio ambazo hazikuwa na breki. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: akikabwa na beki wa kung'ang'ania, yule wa kukupumulia shingoni, alipotea kabisa. Nikimpa mpira miguuni, beki alifika kabla yake. Nikiutupa mbele, alikuwa bado amesimama ananitazama. Mechi nyingine ziliisha hajaugusa mpira hata mara tano, na watu wa pembeni wakimtania kwamba amekuja kuhesabu mawingu.

Jioni moja baada ya mazoezi akaniambia, "Wewe ukiita Bonaya, beki naye anasikia Bonaya. Niite kama ng'ombe."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka. Akanifundisha miluzi miwili ya baba yake. Mmoja mfupi, mara mbili, ulikuwa wa kurudi zizini: maana yake aje kwangu apokee mpira miguuni. Mwingine ulikuwa ule mrefu wa maji: maana yake akimbie nyuma ya beki bila kutazama, mpira utamkuta huko. Huu wa pili alinipa kwa masharti. "Usiupige bure," alisema. "Ukimwita ng'ombe kwenye maji na maji hakuna, siku ya kiu kweli hatakuja." Nikaapa kwa jina la Mungu, kama watoto wanavyoapa, haraka haraka.

Lo! Mambo yaligeuka. Mabeki walimshika Bonaya jezi, wakamsukuma, wakamfuata mpaka kwenye mtungi wa maji ya kunywa, lakini mluzi ukilia yeye alishaondoka. Alifunga, akafunga tena. Wasichana wa darasa la saba walimtungia wimbo. Mama yangu mwenyewe, aliyenizaa mimi, akawa ananiuliza mezani, "Bonaya leo amefunga mangapi?" Hakuna aliyeuliza pasi zilitoka wapi. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini, lakini mimi nilichuma juani, Bonaya akala kivulini. Nilianza kumwonea kijicho, na kijicho cha mtoto hakina mshipa wa aibu.

Wakati huo ndipo tukaambiwa kwamba mwalimu wa michezo wa shule moja ya bweni atakuja Garsen kutazama mechi yetu na timu ya Ngao, na atachagua mchezaji mmoja wa kusomeshwa bure. Mmoja tu. Sote tulijua ni nani anayeihitaji nafasi hiyo. Ukame ulikuwa umemaliza nusu ya ng'ombe wa kwao Bonaya, na baba yake alishasema wazi: nafasi ikikosekana, kijana akimaliza mtihani atawafuata ng'ombe waliobaki. Bonaya alikuwa akipenda hesabu. Alikuwa akizifanya mchangani kwa kijiti, huku anachunga.

Jumamosi kabla ya mechi nilikwenda Ngao kwa mjomba kusaidia kuwinga ndege wasile mpunga. Tulikaa juu ya dungu, mimi na Komora, mtoto wa mjomba, tukirusha udongo kwa kombeo na kutafuna muwa. Komora ndiye aliyekuwa beki wa kushoto wa Ngao. Yeye ndiye angemkaba Bonaya.

"Wewe umekuwa mpishi wake," akanitania. "Unapika, sahani anakula yeye."

Neno hilo lilinichoma. Nikamwambia kwamba bila mimi Bonaya si kitu, na ili anielewe nikaweka vidole mdomoni, nikapiga. Kwanza ule mfupi, kisha ule wa maji, pale juu ya mpunga, bila ng'ombe, bila mpira. Nikamweleza kila mmoja una maana gani. Komora hakunilazimisha hata kidogo. Alitema makapi ya muwa, akasema, "Piga tena."

Mechi ilipoanza nilijiambia labda atasahau. Hakusahau. Nikipiga mluzi wa maji, Komora aligeuka pamoja na Bonaya kana kwamba wamefungwa kamba moja. Nikipiga ule mfupi, alitangulia mbele yake na kuuchukua mpira kwa raha zake. Alimganda kama kupe. Pembeni, yule mgeni wa shule ya bweni alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, daftari gotini, na kila nilipomtazama alikuwa akimtazama Komora.

Wakati wa mapumziko mwalimu wetu alikuwa anafoka. "Kikulacho ki nguoni mwako! Nani amewafundisha hawa miluzi yetu?"

Nilitazama viatu vyangu. Aliyejibu ni Bonaya. "Mwalimu, hii ni miluzi ya ng'ombe. Kila mchungaji hapa Garsen anaijua."

"Basi igeuzeni! Wa maji uwe wa kurudi."

"Wa maji haugeuzwi, mwalimu," Bonaya akasema, na wenzetu wakamcheka, wakamwambia sisi si ng'ombe. Mimi nilishusha pumzi. Nilijua hajanishuku. Nilimwona mjinga kidogo, Mungu anisamehe.

Kipindi cha pili mdomo wangu ulikauka. Kila nilipotaka kupiga, niliona kama mwalimu ananitazama midomo, basi nikanyamaza. Sikupiga hata mmoja. Bonaya alikimbia, akasimama, akageuza kichwa kunitazama, akakimbia tena, akageuza kichwa. Tulifungwa moja bila. Nafasi aliipata Komora. Baada ya mtihani, kwao Bonaya walihama na ng'ombe, naye akaenda nao.

Bibi yangu alikuwa na msemo wake wa kila siku, majuto ni mjukuu, na nilipokuwa mdogo nilidhani ananisema mimi, kwa kuwa ndimi mjukuu niliyekuwa karibu. Siku hizi naona hakukosea sana.

Mwezi uliopita mluzi ulipolia nilikosa pa kugeukia, kwa sababu aliyeupiga alikuja moja kwa moja hadi uwanjani kwetu. Ni Bonaya, ndevu zimeingia mvi, fimbo begani, pamoja na mwanawe wa darasa la sita. Tulisalimiana kwa muda mrefu: watoto, mvua, malisho. Kisha ulimi wangu ukafunguka wenyewe.

"Bonaya, siku ile ya Garsen..."

"Mimi najua," akasema. "Tangu ile siku. Komora ni mtoto wa mkulima, hajachunga hata mbuzi. Atajulia wapi mluzi wa maji?"

Mtu huyu aliyekataa kumdanganya ng'ombe alimdanganya mwalimu kwa ajili yangu, na mimi nilimwona mjinga. Nikamuuliza kwa nini hakunitaja.

"Wallahi, mwalimu angekutoa," akasema, kama anayeeleza jambo dogo. "Halafu mimi nipigiwe na nani?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini alikuwa akigeuza kichwa kipindi kile kizima. Alijua nimemuuza, na bado alikuwa ananingoja.

Hakunipa nafasi ya kuomba msamaha. Alimsukuma mwanawe mbele. "Huyu anacheza winga, lakini wakimkaba anapotea. Mfundishe, mwalimu. Miluzi anaijua." Kisha akawapigia ng'ombe wake, wakashuka mtoni wote bila hata mmoja kusita.

Mtoto anakuja mazoezini kila jioni. Anasimama winga ya kulia, beki amemganda mgongoni, anageuza kichwa ananitazama mdomo. Mimi hupeleka vidole mdomoni, huvishusha bila kupiga, kisha huita jina lake kwa sauti kubwa, beki naye anasikia.