Onyo la Kufuli Mbili

Mdogo wangu alinitumia onyo lile asubuhi, nikiwa nafungua duka langu la kutengeneza kompyuta hapa Rubwera. Alikuwa amelikuta kwenye kiini cha mfumo endeshi, ile sehemu inayotawala mashine nzima. Kompyuta yake ilikuwa inalalamika: kazi mbili zinaweza kungojana, kila moja imeshika kufuli inayotakiwa na mwenzake, hakuna inayoachia, mashine ikaganda. Haikuwa imeganda. Ilionya tu kwamba inaweza.

"Dada, huu ni udhaifu wa kiusalama," aliniambia kwa simu kutoka Bugomora alikopanga chumba. "Uorodhesheni, jina langu likae pale."

Mimi hujitolea kupima ripoti kama hizo kabla hazijaingizwa kwenye orodha ya udhaifu inayotegemewa na watu wengi. Na nilijua anachotaka. Aliondoka kwetu Nyabiyonza baba alipomwambia kompyuta ni kazi ya wavivu, huku kahawa inamwagika shambani. Akaapa harudi mpaka awe na kitu cha kumwonyesha mzee. Na mzee naye, jamani, kichwa kigumu vilevile: mtoto ndiye anayekuja kumwamkia baba, yeye hamwiti mtu. Na onyo lile lilipokuja, kifua kilikuwa kimeshamlaza kitandani.

Nikapima kutwa nzima. Swali lilikuwa moja tu: mtu wa kawaida, asiye na ruhusa yoyote, anaweza kuigandisha mashine makusudi? Nilijaribu kila njia, nikiomba ikubali. Wapi! Kazi zile zilikutana tu ukiwa na mamlaka yote ya mashine, na mwenye mamlaka yote ana haja gani ya hila? Si anaizima tu. Ilikuwa hitilafu ya kurekebishwa, basi. Nikamwambia hivyo.

"Hata wewe, dada?"

Iliniuma sana, lakini ningefanyaje? Wanaoitegemea ile orodha hawamjui baba yangu.

"Nenda hivyohivyo, mikono mitupu," nilimsihi. "Kamsalimie."

Akasema ngoja kwanza aandike marekebisho, yapokelewe na wasimamizi wa mfumo, ndipo aende.

Baba alifariki marekebisho yakiwa bado yanasubiri kukaguliwa. Majirani waliacha majembe yao, wakaja, tukamzika migombani nyuma ya nyumba. Mdogo wangu alifika siku hiyo hiyo ya maziko.

Kwetu mgeni hupewa kahawa ya kutafuna, na mwenye nyumba ndiye humkabidhi. Watu walipotawanyika, mama alitoka na kifungu cha kahawa kilichofungwa kwa jani kavu la mgomba.

"Baba yenu alikataza mtu asikiguse," alisema. "Kila jioni ananiambia, hiki ni cha mgeni wangu. Nikimwuliza mgeni gani, anageukia ukutani. Chukua, mwanangu."

Mdogo wangu alikipokea kwa mikono miwili. Wiki ile ile marekebisho yakapokelewa, na jina lake likawekwa humo kama aliyeyaandika. Alinionyesha kwenye simu tukiwa tumesimama kaburini, kile kifungu kikiwa bado mfukoni mwake, hajakifungua.

"Nimwonyeshe nani sasa, dada?"

Akachuchumaa kwenye udongo ule mbichi, akasema, "Shikamoo, baba," kisha akangoja.