Kichaka cha Kidoti

Dada yangu ni fundi cherehani, na mdomo wake ni mkali kuliko mkasi wake. Mteja akilalamika kwamba gauni linambana, humwambia gauni halijanenepa. Lakini tangu binti yake wa pekee, tuliyemwita Kidoti, afariki hospitalini, utani huo umeadimika, nami naukosa.

Kidoti aliacha kichaka alichokipanda mwenyewe chini ya dirisha la chumba cha kushonea, pale jua linapopiga mchana kutwa. Ni kifupi, hakipiti goti. Majani yake ni mabichi mwaka mzima, na maua yana rangi ya waridi.

Siku moja dada alinivuta kando. "Mdogo wangu, usinicheke. Kila nikiamka nakuta udongo umelowa upya, kama umemwagiwa sasa hivi. Kidoti anakuja kukinywesha."

Nilimfokea aache mambo hayo, lakini sote tulijua maneno ya mwisho ya yule mtoto. Siku ya upasuaji daktari alikataza asipewe hata tone, naye akaomba, "Mama, maji kidogo tu." Wazazi wake wakamnyima. Hakutoka chumba cha upasuaji akiwa hai.

Majani yakaanza kugeuka njano. Dada akazidisha maji. Vitumba vya maua vilipoanza kudondoka, nilichoka kubembeleza, nikaenda kumwita muuza miche. Alifukua kidogo, akanusa mizizi, akakunja uso.

"Mnakizamisha. Hiki ni cha jua na ukavu. Nani anamwaga maji yote haya?"

"Mimi, jioni tu," dada akasema. "Ndoo moja."

Shemeji, fundi rangi asiye na maneno mengi, alikuwa amesimama mlangoni. "Na mimi alfajiri," akasema. "Kabla hujaamka."

Dada alimkazia macho. "Kumbe ni wewe, Baba Kidoti." Akalia kama siku ile ya msiba.

Muuza miche, maskini, hakujua aondoke au abaki. Alikata mizizi iliyooza, akachanganya mchanga, akaonya kisipewe maji wiki mbili, hata kikinyong'onyea.

Siku ya tano jua lilikuwa kali, majani yamelegea kabisa. Niliwakuta wawili hao wamekaa chini mbele ya kichaka, ndoo imepinduliwa kifudifudi kati yao. Shemeji alikuwa amemshika dada mkono kwa nguvu.

"Kinaomba," dada alisema.

"Nakisikia," shemeji akajibu.

Hawakuinuka.