Kikopo cha Mama Mkwe

Maabara nzima ilimwita Bibi Darubini, na hakuwahi kukasirika. Akishainamia darubini yake, hata ungemmwagia maji miguuni asingeinua kichwa. Lakini siku alipoletewa kikopo cha mama mkwe wake, aliinua kichwa mara moja.

Kikopo chenyewe kilikuja kimefungwa vitambaa viwili, utadhani zawadi ya harusi. Bi mkubwa aliona haya ya kufa mtu: choo chake kichunguzwe na mkamwana! Ila ubavu wa kulia ulikuwa unamuuma, na marehemu mumewe aliondoka kwa ugonjwa wa ini. Alikwishakata tamaa, akaanza kugawa vyombo. Ile sufuria kubwa aliyokataa miaka yote hata kuiazimisha, asubuhi hiyo alimkabidhi mkamwana.

Bibi Darubini alikoroga, akachuja, akaacha mashapo yatulie. Mle akaliona yai: kubwa, la rangi ya dhahabu, lenye kifuniko kidogo nchani. Halikuwa lile dogo la mnyoo wa ini anayetoka kwa samaki. Hili lilikuwa la mnyoo wa ini wa ng'ombe. Moyo ukampasuka paa! Miaka yote walikuwa wakivutana, lakini saa hiyo alijua wazi kwamba anampenda bibi yule.

Wa ng'ombe? Akatoka mbio hadi kwenye benchi alipokuwa akingoja mama mkwe.

“Mama, jana ulikula nini?”

“Chakula.”

“Chakula gani?”

Bi mkubwa akaangalia dari. “Ini. Muuza nyama kasema linaongeza damu. Nikaona nikija kupimwa, angalau damu isiniaibishe.”

“Jana tu?”

“Wiki nzima. Lakini vipande vidogo!”

Bibi Darubini alicheka hadi akashika ukuta. Mayai hayo huweza kuingia na ini la ng'ombe mgonjwa, yakapita tumboni na kutoka vilevile, bila mnyoo hata mmoja kukaa ndani ya mtu. Lakini ili kuwa na hakika, ilibidi bi mkubwa aache ini kwanza, kisha apimwe upya.

Aliacha, huku akinung'unika. Kikopo cha pili alikibeba bila kitambaa, akipasua njia katikati ya wagonjwa: “Nipisheni, nampelekea mwanangu!”

Hakukuwa na yai. Daktari naye akamkagua, akasema ubavu ni msuli tu, aliutegua akisukuma kabati peke yake.

“Mama, ini lako zima kabisa,” mkamwana alimwambia.

Bi mkubwa akalia, akacheka, akamkumbatia kwa nguvu zote.

“Mungu akuweke, mwanangu,” alisema, akipangusa macho. “Sufuria yangu nitaifuata jioni.”